MWANAFUNZI ANA NDEVU! Hivi tamthilia zinatuonaje vijana?

Huku Tunduma vumbi letu lipo, foleni ya malori ipo, na maisha yanasonga. Leo naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya mitindo na mapenzi, tuzungumze jambo ambalo limenikaa rohoni tangu juzi juzi hapa.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Nilikuwa saluni moja mtaa wa Majengo nasukwa, mdogo wangu anayesoma kidato cha pili kakaa pembeni ananisubiri. Ukutani kuna runinga, na kama unavyojua saluni zetu, rimoti ina mwenyewe. Tamthilia ikaanza. Akatokea "mwanafunzi wa kidato cha tatu" na sare yake, soksi nyeupe, begi mgongoni. Jamani! Mwanafunzi huyo ana ndevu zilizonyolewa asubuhi ile ile, kifua cha mbeba magunia na sauti ya mjumbe wa nyumba kumi! Pembeni yake binti wa "kidato cha pili", kope za bandia, kucha ndefu kama za mwewe. Saluni nzima tukaangua kicheko.

Kicheko hakikudumu. Kwenye mchezo, yule binti akapanda gari la mzee mmoja mwenye kitambi, akanunuliwa chipsi na simu, na kabla tangazo la sabuni halijaingia alishakuwa na mimba. Mama mmoja aliyekuwa ndani ya drai akaguna, "Ndivyo walivyo hawa wa siku hizi. Tamaa tu!" Wenzake wakaitikia. Mmoja akamtaja binti wa mtaani kwetu, ambaye jina lake silitaji ng'o, aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito. "Si kama huyu huyu wa kwenye TV?" akasema, na wote wakatikisa vichwa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani mdogo wangu alikuwa kimya, wakati si kawaida yake, huyo anachonga kama kasuku. Tulipolikaribia reli la TAZARA akaniuliza, "Dada, kwani na mimi nina tamaa?"

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

NDEVU ZINATOKA WAPI?

Tuanze na hizo ndevu, maana si za Bongo peke yetu. Wamarekani ambao ndio tunawaiga, kwenye mchezo wao maarufu wa Beverly Hills, 90210 ulioanza mwaka 1990, walimpa Gabrielle Carteris nafasi ya msichana wa shule mwenye miaka 16. Mwenyewe alikuwa na miaka 29! Kwenye sinema ya Grease ya mwaka 1978, Stockard Channing aliigiza msichana wa sekondari akiwa ameshapita 30. Hata Juliet wa Shakespeare, ambaye kwenye maandishi hajatimiza miaka 14, Hollywood mwaka 1936 ilimpa Norma Shearer, mama mzima wa zaidi ya miaka 30. Na hapa jirani, Lupita Nyong'o alipoigiza mwanafunzi wa chuo kwenye Shuga iliyopigwa Nairobi mwaka 2009, alikuwa na miaka 26. Huyo afadhali, chuo kina watu wa umri huo.

Sababu zipo, na nyingine ni za maana. Mtoto wa miaka 15 ana shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumfanyisha kazi usiku. Sasa mtayarishaji mwenye kamera ya kukodi na pesa za mawazo atamsubiri nani amalize mitihani? Anamchukua mtu mzima, anamvalisha sketi ya shule, kazi inakwenda. Tena kama kuna kipande cha mapenzi, ni vizuri kabisa asiwe mtoto. Hapo siwalaumu.

Lakini kuna kitu tunapoteza bila kujua. Jaribu kufikiri. Yule mzee wa kitambi anapomshika mkono "mwanafunzi", macho yako yanaona nini? Yanaona mwanamke wa miaka 26 na mwanaume wa miaka 45. Watu wazima wawili wanaelewana. Roho haishtuki! Angewekwa pale mtoto hasa wa miaka 14, mwenye mikono myembamba na sare iliyompwaya, saluni nzima ingepiga kelele na yule mama wa kwenye drai angekuwa wa kwanza kulaani. Asingesema tamaa, angesema mtoto kabakwa.

Na ndivyo sheria inavyosema. Tangu mwaka 1998, ilipopitishwa sheria ya makosa ya kujamiiana, mwanaume akilala na binti wa chini ya miaka 18 asiye mke wake, hata kama binti alisema ndiyo, hiyo inaitwa kubaka. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikabadilishwa, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Soma sheria hizo mbele na nyuma, neno "tamaa" halimo.

SURA NNE ZA KUKODI

Mimi ni mlevi wa tamthilia, sikatai. Nimekua nazo. Na kwa miaka yote hiyo nimehesabu, kijana kwenye mchezo wa kuigiza huwa na sura nne tu, kama nguo za kukodi za harusi.

Ya kwanza ni huyo binti wa shule mwenye tamaa. Ya pili ni msela wa kijiweni, kofia nyuma mbele, sigara mkononi, hana kazi wala hatafuti. Ya tatu ni mtoto wa geti kali, analia chumbani kwa sababu mshua kamkatalia mchumba maskini. Ya nne ni mtoto mtiifu kutoka kijijini, anakuja mjini na ndoo ya maharage, anateswa na mama wa kambo, mwisho anaolewa na bosi. Basi!

Sasa njoo Tunduma uniambie mdogo wangu umuweke wapi. Asubuhi anapiga deki, anakwenda shule, mchana anamsaidia mama kwenye meza ya vitenge. Mteja akitoka Nakonde na kwacha mkononi, anamsalimia Kibemba na kubadilisha hesabu kuwa shilingi kichwani kabla mimi sijatoa simu. Jioni anakariri hesabu za vipeo, usiku anataka rimoti. Ana vituko vyake, ananibia mafuta ya nywele na kusingizia paka. Ana hasira, ana huruma, ana ndoto ya kuwa afisa forodha. Mtu wa namna hiyo sijawahi kumwona kwenye tamthilia hata siku moja, wakati kila nyumba ya Tunduma anaye.

TULIKOTOKA

Wakati mwingine nawahurumia watunzi wetu, maana runinga huku bara ni mgeni wa juzi. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi huku tukasubiri mpaka mwaka 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo mchezo wa kuigiza ulikuwa wa redio.

Na redio ilitufundisha kitu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliokuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju. Mkwaju alikuwa na wanawake kila kituo, mwisho Ukimwi ukamkuta. Mchezo ule ulisaidia watu wengi kuuelewa Ukimwi, wala sina ugomvi nao. Ila huku kwetu mpakani, ambako madereva ni majirani na wengine ndio baba zetu, Mkwaju hakuondoka. Dereva mmoja wa makamo niliyemsimulia habari hizi pale barabarani Mpemba alicheka akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nasafiri na Biblia na jiko la mchina, lakini nikisimama tu popote, naitwa Mkwaju." Kumbe si vijana peke yetu tuliovalishwa nguo za kukodi!

Kisha likaja kundi la Kaole pale ITV. Nani asiyekumbuka akina Mzee Jengua, Muhogo Mchungu na Bi Hindu? Humo humo ndimo wakatokea vijana walioteka Bongo nzima, marehemu Steven Kanumba, Ray na Johari. Uzuri wa Kaole, wazee na vijana walikuwa kwenye mchezo mmoja. Mzee alikuwa na ujanja wake, kijana na wake, na wote walichekwa. Sinema za Bongo zilipopamba moto baada ya hapo, mzee akarudishwa nyuma. Akabaki baba anayefoka sebuleni, au bibi mchawi.

Siku hizi ndiyo usiseme. Kwa king'amuzi unahama dunia ukiwa umekaa mkekani. Kuna Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo, Waturuki wa Azam wanaoongea Kiswahili kuliko sisi, na kwa kuwa Zambia ni kuvuka barabara tu, wengine hapa mtaani wanamfuatilia mzee Nguzu na wake zake kwenye Mpali. Vitu vyote vitamu. Lakini vijana humo, wengi ni wale wale wa sura nne.

NAMBA HAZINA KOPE ZA BANDIA

Utasema, dada we, huo ni mchezo tu, unajisumbua nini? Ningekubali, kama si namba moja.

Mwaka 2022 ulifanyika utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto. Uligundua kwamba kati ya wasichana 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, 22 walishawahi kupata mimba. Mkoa ulioongoza nchi nzima unaujua? Ni huu wetu wa Songwe. Asilimia 45! Yaani karibu nusu. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2016 tu, ulipomegwa kutoka Mbeya, hata miaka kumi ulikuwa haujatimiza na tayari ulishika namba moja kwa jambo ambalo hakuna anayelitaka.

Sasa twende na mantiki ya yule mama wa kwenye drai. Kama sababu ni tamaa, basi wasichana wa Songwe wana tamaa mara mbili ya wasichana wa nchi nzima! Tamaa inaanzia wapi, kwenye kibao cha mpaka wa mkoa? Ukitoka Mbeya kuja Vwawa inakupanda mwilini kama homa? La hasha! Kuna kitu kingine, na hicho ndicho tamthilia hazituonyeshi.

Niliamua kwenda kumtembelea yule binti wa mtaani kwetu. Nilimkuta Sogea anauza nyanya, mtoto mgongoni. Sikwenda kumhoji kama polisi, nilikwenda kama dada. Nikamweleza habari ya saluni. Nikamuuliza, ingekuwa wewe ndiye mtunzi, ungeonyesha nini?

Alinyamaza, akapanga nyanya zake mafungu mafungu, kisha akasema, "Ningeonyesha saa."

Sikuelewa. Akanifafanulia. "Kwenye TV binti anatoka shule jua linawaka, anatembea na wenzake wanacheka. Mimi, dada, nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, giza. Nikirudi giza. Kuna mtu wa bodaboda alikuwa ananisogeza bure. Mwaka mzima ananisogeza bure tu, hajasema kitu. Halafu siku moja akasema."

Msomaji, nilishikwa na donge kooni. Hakukuwa na simu, chipsi wala gari la kioo cheusi. Kulikuwa na giza na umbali. Huyo mwanaume hakuwa mzee wa kitambi, alikuwa kijana wa mtaani tunayemsalimia. Na binti hakuwa na tamaa ya kitu chochote zaidi ya kufika nyumbani.

Mnakumbuka ile kampeni ya Fataki, iliyovuma redioni mwishoni mwa miaka ya 2000? Ilitupa neno, na neno lile ni zuri, mpaka leo mtu mzima akimkodolea macho mwanafunzi anaitwa fataki. Lakini kichwani mwetu fataki lazima awe na kitambi na gari. Mwenye pikipiki na miaka 23 tunamwacha apite.

MCHEZO UNAISHA, MAISHA HAYAISHI

Jambo jingine. Kwenye tamthilia, binti akipata mimba mchezo wake umekwisha. Anafukuzwa nyumbani, mvua inanyesha, muziki wa huzuni, maandishi yanapanda. Funzo limepatikana!

Maisha hayana maandishi ya kupanda. Kesho yake binti anaamka. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida baada ya kujifungua. Nilipomtajia binti yule jambo hilo, alikuwa analijua vizuri kuliko mimi. Alisema anasubiri mtoto aachishwe ziwa. "Ila naogopa kuchekwa," akasema. Yaani kizuizi kilichobaki si sheria tena. Ni vinywa vyetu vya saluni! Ni tamthilia ngapi zimewahi kumwonyesha mama wa miaka 17 akivaa sare tena na kuketi dawati la mbele?

Na hata mambo ya ndoa ni hivyo hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana ni 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu na mwaka 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikampa ushindi. Kesi tamu kuliko tamthilia yoyote, ina mashujaa na majibizano! Sijaiona kwenye kioo.

WAZEE NAO WANAONEWA

Wazee mnaosoma makala hii kwa kuazima gazeti la mwanao, msidhani nimewasahau. Ninyi mmevalishwa vibaya kuliko sisi. Bibi mwenye macho mekundu kwenye sinema ni nani? Mchawi! Lakini Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kweli kwa tuhuma hizo hizo, na macho yale mekundu yametokana na moshi wa kuni na samadi waliopikia wajukuu miaka yote. Sinema haikumshika mtu panga, sisemi hivyo. Ila inapomrudia bibi yule yule kila mara, inamwambia mwenye panga kwamba hajakosea.

Inawezekana kufanya vingine. Mwaka 2011 TBC walituletea mchezo wa Kichina uliotiwa Kiswahili, Dou Dou na Mama Wakwe Zake. Watu waliupenda mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam mwaka 2013 akautaja kwenye hotuba yake. Mle mama mkwe anaudhi, lakini ni mtu, unamwelewa. Wakenya nao kwenye Machachari ya Citizen waliwapa nafasi watoto wenyewe hasa, akina Baha na Govi, na tukawaona wanakua mwaka hadi mwaka. Hawakuharibu kitu.

OMBI LANGU

Siwaambii watunzi waache kuonya. Wasichana wenye kupenda makuu wapo, kama walivyo wajomba na mashangazi wenye kupenda makuu. Ninachoomba ni kidogo. Kabla hujaandika kijana wa kidato cha pili, kaa naye siku moja. Muulize anaamka saa ngapi. Muulize anarudi na nani. Mpe nafasi hiyo msichana mwenye umbo dogo hata kama ana miaka 20, mvue hizo kope. Na huyo mwanaume, mwonyeshe mahakamani, usimwache anacheka ndani ya gari.

Na sisi watazamaji, tukikaa na wadogo zetu mbele ya kioo, tuangalie na vinywa vyetu. Mtoto haogopi runinga, anaogopa anachosema mama yake runinga ikiwa imewaka.

Jumapili ile nilimwita mdogo wangu, nikampa jibu nililokosa pale relini. Nilimwambia, "Huna tamaa. Una miaka 14." Alinitazama, akacheka, akaomba pesa ya maandazi. Nikampa, halafu nikamtuma Sogea akanunue nyanya kwa yule binti, na akae naye kidogo wapige stori. Amerudi jioni, tena kabla giza halijaingia, na habari moja: binti ameazima daftari lake la hesabu.

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaaliwa tukutane tena toleo lijalo.